Amalize siku yake kwanza: kisa cha mgeni wa 1964 na fundi wa bonde la Gonokawa

Kisa nimekitunga mwenyewe. Bonde, reli, sheria, noti na magari yaliyomo ni ya kweli, na bila hivyo nisingejisumbua, kwa sababu mtu akidondoka kutoka wakati mwingine hadondokei angani. Anadondokea mahali penye ofisi ya serikali, zahanati, na jirani anayechungulia dirishani.

Jumamosi ya tarehe 10 Oktoba 1964, asubuhi, kijana wa miaka 26 anateremka kando ya mto Gonokawa, mkoani Shimane, magharibi mwa Japani, akiendesha Daihatsu Midget. Midget ni kigari cha magurudumu matatu. Aliyezoea bajaji ya mizigo atakitambua kwa mbali, ila hiki kina pua kama ya panya, na injini yake ni ya zile za kuchanganya oili na petroli. Nyuma amepakia magunia kumi ya mkaa yaliyosukwa kwa majani makavu, kilo 15 kila moja. Baba yake amemtuma ayafikishe kwa mteja wa kijiji cha chini. Naye ana haraka zake: saa nane mchana Olimpiki ya Tokyo inafunguliwa, na duka la kijiji kile lina televisheni.

Ukungu wa bonde lile wakati wa vuli unaweza kuficha mto mzima. Barabara ni ya kokoto. Ghafla kokoto zikanyamaza. Chini ya magurudumu kukawa laini kama sakafu, kijana akashtuka, akakanyaga breki, na magurudumu matatu yakafanya yale yanayofanya siku zote kwenye kona. Kigari kikalala ubavu ndani ya shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Mbavu mbili zikapata ufa. Tarehe ilikuwa ileile, 10 Oktoba, ila ya 2024.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi wa gereji ya jirani, akiwa na Suzuki Carry, hizihizi ambazo Dar es Salaam tunaziita kirikuu. Nitamwita Fundi, na kijana nitamwita Mgeni. Fundi ana miaka 60, anaishi peke yake nyuma ya gereji. Anatengeneza kirikuu, matrekta, mashine za kukatia majani, na kila Jumanne anakagua basi dogo linalowachukua wazee kwenda kuogeshwa na kula mchana katika kituo chao. Anaongea na injini vizuri kuliko anavyoongea na watu. Akiona haya anajifuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe.

Swali lake la kwanza kwa mtu aliyelala shambani akigugumia lilikuwa hili: "Oili unachanganya kiasi gani?"

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nimelirudia swali hili mara nyingi na naona ndilo lililomwokoa Mgeni. Maswali mengine yote ambayo angeulizwa wiki ile, unakaa wapi, baba yako nani, leo tarehe ngapi, angeyajibu kwa ukweli na kila jibu lingekuwa kosa. Hili la oili alilijibu, na jibu lilikuwa sahihi hata mwaka 2024. Fundi aliuliza kwa sababu alinusa moshi wa buluu, na kwa sababu hakujua aseme nini kingine. Akamjibu, "Ungepunguza kidogo, plagi isiwe inachafuka," na wote wawili wakawa wamepata pa kusimama.

Mgeni alikuwa anatetemeka. Ndani ya kirikuu hakukuwa na blanketi, kulikuwa na kizibao chekundu kilichogeuzwa mto wa kukalia. Habari ya kizibao hiki inahitaji maelezo. Kalenda ya zamani ya Japani inazungusha wanyama kumi na wawili na asili tano, na mzunguko unarudi mwanzo baada ya miaka 60. Mtu akifika umri huo huhesabiwa amezaliwa upya, na jamaa humvisha nguo nyekundu kama za mtoto mchanga. Fundi alizaliwa 1964, mwaka wa joka la mti, na 2024 ulikuwa tena mwaka wa joka la mti. Kizibao alitumiwa na shangazi yake, akaona haya kukivaa, akakikalia. Sasa akamvika kijana wa watu. Mgeni alikitambua mara moja, akacheka huku ameshika mbavu: "Hiki si cha wazee?"

Kwa makaratasi alikuwa na miaka 86.

Kisha akauliza ni mwaka gani, maana macho yake yalikuwa yameshaanza kuona nguzo na nyaya asizozijua. Fundi akajibu, "Wa joka." Mgeni akashusha pumzi. Siku mbili nzima alitulia kwa jibu hilo. Fundi hakudanganya, na wala hakukusudia kuficha. Wakati huo aliamini ameokota mmoja wa wale wapenzi wa magari ya kale wanaovaa hadi nguo za zama za gari lao, na Japani wapo. Alipoanza kushuku ni siku ya pili, Mgeni alipotaka kulipa gharama za kuvutwa. Alitoa noti za yeni 1,000 zenye sura ya Ito Hirobumi, noti zilizotoka Novemba 1963, na zake zilikuwa hazijapata hata kunjo la pili.

Msomaji aliyepitia madrasa ameshawakumbuka watu wa pangoni. Walipoamka walimtuma mmoja wao mjini na sarafu yao ya fedha akanunue chakula kilicho safi, na ndipo watu wakajua habari yao. Pesa huwa ya kwanza kumsaliti aliyelala. Lakini Japani ya leo ina upole wake wa ajabu hapa: noti hiyo ya Ito bado ni halali, ingawa haichapishwi tena. Halafu Julai 2024 nchi ilikuwa imetoa noti mpya, na Fundi mwenyewe alikuwa hajaizoea ya 1,000 yenye sura ya Kitasato Shibasaburo, mashine ya vinywaji nje ya gereji yake ilikuwa inaitema. Wakasimama mbele ya mashine ile, kila mmoja na noti yake inayokataliwa. Fundi akaenda kutafuta sarafu.

Zahanatini nako palikuwa na hesabu. Japani ilifikisha bima ya afya kwa kila mtu mwaka 1961, kwa hiyo Mgeni alijua kadi ni nini. Mwili wake wa miaka 26 ungelipa asilimia 30 ya matibabu. Makaratasi yake ya miaka 86, mtu asiye na kipato, yangelipa asilimia 10. Bila kadi mkononi akalipa asilimia 100, yaani Fundi ndiye aliyelipa, na risiti akaipachika kwenye daftari la kazi za gereji, mstari mmoja na Midget, mahali pa jina la mteja pakiwa patupu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikiandike kisa hiki.

Jioni ya siku ya tatu wanakula tambi za maji moto. Mgeni anazijua, za kwanza ziliingia sokoni 1958. Mtu wa 1964 si mtu wa zama za mawe. Wapo waandishi wanaomtoa msafiri wa namna hii akiogopa swichi ya taa, na huo ni uvivu. Mgeni anajua televisheni, anajua jiko la umeme la wali, anajua kwamba siku tisa kabla ya safari yake treni ya mwendokasi ilianza kukimbia kati ya Tokyo na Osaka. Kinachomkaba si vitu. Alikuwa njiani, na njia imekatika.

Kimya kikawa kirefu, Fundi akatafuta la kusema, akalipata lile ambalo fundi humuuliza kila aliyeharibikiwa barabarani: "Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kupeleka mkaa. Halafu kuangalia Olimpiki."

Fundi akajifuta mikono. Akatoa simu, akapapasa kwa kidole gumba chenye grisi, akaiegemeza kwenye bakuli. Ndani ya kioo kidogo kuliko kiganja, mchana wa tarehe 10 Oktoba 1964 ukaanza. Timu zikaingia uwanjani. Sakai Yoshinori, aliyezaliwa mkoani Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, siku ya bomu la atomiki, akapanda ngazi na mwenge. Ndege tano za jeshi zikachora duara tano angani. Mgeni hakuuliza kioo kile ni kitu gani. Aliangalia mpaka mwisho, kisha akalala usingizi wa saa kumi na moja.

Ushauri ambao wengi wangempa Fundi ni kumleta mgeni wake kwenye leo polepole: kidogo historia, kidogo simu, kidogo habari mbaya, kama dawa ya kijiko. Nadhani ni ushauri mbaya. Mgeni hakuhitaji kuletwa kwenye leo. Alihitaji kwanza kuimaliza siku aliyoikatiza, na Fundi, bila kujua anafanya nini, alimmalizia nusu yake kwa simu yenye ufa.

Sisemi hivi kwa kubuni tu. Japani imewahi kupokea watu wake kutoka wakati mwingine, kwa njia isiyo ya miujiza. Yokoi Shoichi alikuwa mshoni kabla ya kuchukuliwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Marekani ilipokiteka tena kisiwa cha Guam, katika Pasifiki, mwaka 1944 aliingia msituni, na hakuonekana hadi Januari 1972, wenyeji wawili walipomkuta karibu na mto Talofofo. Alikuwa amejishonea nguo kwa nyuzi za magome ya miti. Aliporudi alisema amerudi ingawa kwa aibu, na maneno hayo yakawa msemo nchi nzima. Mwaka huohuo akaoa, akakaa mkoani Aichi hadi alipofariki 1997. Askari mwingine ni Onoda Hiroo, aliyebaki kwenye kisiwa cha Lubang, Ufilipino, hadi Machi 1974. Kijana mmoja msafiri alimpata, akamwambia vita vimekwisha, akakataa kutoka. Alitoka pale tu aliyekuwa mkubwa wake jeshini, wakati huo muuza vitabu, alipopelekwa kisiwani akamsomea amri ya kuacha kazi. Miaka karibu thelathini ya vipeperushi haikufua dafu. Aliyefunga siku ndiye aliyekuwa ameifungua. Hata hivyo Japani aliyoikuta haikumkaa, na 1975 akahamia Brazili kufuga ng'ombe. Kumaliza siku hakukuhakikishii kuipenda inayofuata.

Fundi hakuyawaza hayo. Alikuwa na wasiwasi mdogo zaidi, na kwa mtu wa kijiji cha Japani si mdogo hata kidogo: amwiteje? Lugha yao, kama yetu ya shikamoo na marahaba, inamlazimisha mtu ajue nani mkubwa kabla hajafungua kinywa. Kijana alikuwa mdogo wake kwa miaka 34 na mkubwa wake kwa miaka 26. Zaidi ya hapo aliongea lahaja nzito ya bonde, ileile ya marehemu babu yake Fundi, kwa hiyo kila alipoomba chumvi Fundi alisikia anaamrishwa na babu. Mara ampe heshima za mzee, mara amsemeshe kama mwanafunzi wa gereji, na mara nyingine sentensi ilianza juu ikaishia chini. Mwisho akaacha kumwita kitu chochote. Akawa anakohoa.

Wiki ya pili, mbavu zikiruhusu, akampa mashine ya kukatia majani iliyokataa kuwaka. Injini ndogo ya oili na petroli, ndugu wa Midget. Mgeni akafungua kabureta, akakuta petroli ya zamani imekauka ikawa utando wa rangi ya asali, akausafisha tundu kwa tundu kwa uzi mmoja wa waya aliouchomoa kwenye brashi. Ikawaka kwa mvuto wa tatu. Mwenye mashine alikuwa mzee wa kijijini, akamtazama Mgeni, akasema siku hizi vijana hawajui tena kabureta, huyu kafundishwa na nani? Fundi akakohoa.

Kuna mambo Mgeni aliyaona mwenyewe akitembea, na hakuna aliyeweza kumkinga. Nyumba tupu, kwa mfano. Nchi nzima hesabu ya 2023 ilikuta nyumba milioni tisa zisizo na mtu. Shimane yenyewe ilikuwa na watu zaidi ya 900,000 mwaka 1955, sensa ya 2020 ikahesabu takriban 671,000. Mgeni alikumbuka theluji kubwa ya Januari 1963 na majirani walioshuka mjini baada yake wakisema watarudi. Hawakurudi. Lakini kilichomkalisha chini ni reli. Alipoondoka, ujenzi wa reli ya kuunganisha miji ya Gotsu na Miyoshi kwa kufuata mto ulikuwa haujakamilika, watu bonde zima wakiungoja. Reli iliunganishwa Agosti 1975. Ikafungwa mwishoni mwa Machi 2018. Kule Utsui kituo bado kimesimama juu ya nguzo, ngazi 116 kutoka ardhini. Mgeni alizipanda zote ameshika ubavu. Kitu alichokingoja kilikuwa kimezaliwa, kimezeeka na kufa, yeye akiwa amepita kwenye ukungu.

Serikalini sitakaa sana. Kwa Sheria ya Madai ya Japani, mtu akipotea miaka saba jamaa wanaweza kuiomba mahakama ya familia imtangaze, naye huhesabiwa amekufa. Akitokea hai, tangazo hufutwa, ila mali iliyokwisha kutumika kihalali hairudi yote. Nchi hiyo inajua kuishi na watu wa karatasini: mwaka 2010 wizara ya sheria ilikuta kwenye daftari za ukoo watu zaidi ya 230,000 wa miaka 100 na kuendelea ambao hakuna aliyejua walipo. Mgeni ni kinyume chao, mwili upo na umri hausomeki, na sidhani kuna karani aliye na fomu ya hilo.

Sasa kosa la Fundi, maana alilifanya, na lilikuwa kubwa.

Siku ya tano, akikausha leseni ya Mgeni juu ya jiko, alisoma jina la ukoo. Bonde ni dogo. Alijua papo hapo kwamba mdogo wake Mgeni yuko hai. Mwaka 1964 alikuwa binti wa miaka 18. Sasa ni bibi wa 78, mjane, na kila Jumanne anapanda basi dogo la wazee, lile ambalo Fundi hulikagua. Akanyamaza. Alijiambia mbavu hazijapona. Jumanne ya pili basi lilikuja tairi likiwa halina upepo wa kutosha, na aliyelijaza ni Mgeni. Alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, na dirishani juu yake, hatua mbili tu, amekaa dada yake akiangalia mlima. Fundi alisimama mlangoni mwa gereji akijifuta mikono mpaka basi likaondoka.

Niliposimulia sehemu hii, rafiki yangu mmoja alimtetea: kuona haya si ubaya, na habari kama hiyo inataka maandalizi. Sikubaliani naye. Kutouliza kulikuwa zawadi kwa sababu kulimwachia Mgeni mambo yake. Kutosema kulichukua jambo la Mgeni na kulifungia kwenye droo ya Fundi. Ukimya ni uleule, mwenye mali ndiye tofauti. Na bibi wa miaka 78 hana Jumanne za kugawa bure.

Siku ya 26 Midget ikawaka. Pua ilikuwa imenyooshwa, taa moja imetoka kwenye trekta. Magunia manane yalikuwa yamepangwa vilevile. Mawili waliyawasha usiku wa baridi. Mgeni akapanda kwenye usukani na kusema anakwenda kumaliza kupeleka mkaa.

"Mteja hayupo," Fundi akasema. Nyumba ile imefungwa tangu zamani, mianzi imeota sebuleni. Akajifuta mikono, akakiangalia kitambaa, akakitupa. "Lakini mwenye mkaa yupo."

Wakaenda, Midget mbele, kirikuu nyuma kikiwasha taa za tahadhari, kwa sababu kigari kile hakikuwa na haki ya kuwa barabarani. Bibi alikuwa uani akianika matunda ya Kijapani yaitwayo kaki, akiyafunga moja moja kwenye kamba. Hakumtazama kijana usoni. Alitazama magunia, akasogea, akashika fundo la kamba kwenye gunia la kwanza, kisha la pili. Yeye ni wa mkono wa kushoto, na mafundo yote yalikuwa yamepinda upande mmoja na yale aliyokuwa akiyafunga sasa hivi kwenye kaki.

"Kaka," akasema, "niliyafunga kumi."

"Mawili tumewasha, mdogo wangu. Kulikuwa na baridi."

Bibi akageuka kumtazama yule mwingine aliyewasha. Fundi, ambaye hakujua aweke wapi mikono isiyo na kitambaa, akachomoa daftari la kazi mfukoni, akatafuta ule mstari usio na jina, na akauliza, macho kwenye karatasi, atalipa bei ya mwaka gani.